Ushirikishwaji wa wakazi: nani anamshirikisha nani?

Mashirika ya nyumba ya Uingereza, yanayopangisha nyumba kwa watu wa kipato kidogo, hutakiwa na msimamizi wao wa kisheria kueleza yanavyowapa wapangaji nafasi katika uendeshaji. Kwa Kiswahili kazi hiyo huitwa ushirikishwaji wa wakazi, na istilahi hiyo si ngeni kwetu: imejaa kwenye maandiko ya miradi na mihtasari ya vikao. Naona inatosha kwa kipande kimoja tu cha jambo. Ikibebeshwa jambo zima, inafunika swali ambalo utawala wowote wa makazi lazima ulijibu: mkazi akikataa, kuna kinachosimama?

Tazama umbo la neno lenyewe. Anayeshiriki hutenda mwenyewe, lakini anayeshirikishwa hutendewa, na aliyemshirikisha ndiye aliyeamua lini, wapi na kwa lipi. Katiba ya Tanzania ya 1977 ina vitenzi vyote viwili. Ibara ya 8 inasema wananchi watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 146 inavipa vyombo vya Serikali za Mitaa haki ya kushiriki na ya kuwashirikisha wananchi katika mipango ya maendeleo. Kitenzi cha pili kinahitaji mtu wa kuita kikao.

Huko Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, familia haipangi kwa shirika la nyumba. Hujenga yenyewe juu ya ardhi ya kijiji. Hata hivyo sheria imeweka hapo uhusiano ambao bodi ya shirika la nyumba ingeutambua mara moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini anayetunza mali ya wengine, kisha kifungu cha 8 kinaikataza kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaidhinisha. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Katika bonde la Rukwa, ambako Wapimbwe na wafugaji wa Kisukuma wanaishi kijiji kimoja, kipande cha ardhi anachopewa mmoja chaweza kuwa malisho au shamba la mwingine, kwa hiyo sharti hilo lina uzito. Nalo haliitwi ushirikishwaji. Ni idhini.

Atakuwepo wa kusema kwamba msemaji wa kawaida hachambui viambishi, na kwamba neno hupata maana kutokana na matumizi. Kweli, ila matumizi yenyewe ndiyo yanayotia shaka. Muhtasari ukiandika “wananchi walishirikishwa” na kuambatanisha orodha ya mahudhurio, msomaji hajui kama waliulizwa, walitaarifiwa au walikubali. Mtafiti Sherry Arnstein alipopanga ushiriki wa raia katika ngazi nane mwaka 1969, alitaka kuonyesha umbali huohuo, kutoka kupumbazwa hadi kushika mamlaka. Istilahi yetu inazilaza ngazi zote nane chini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mikutano mikuu huhudhuriwa na wachache, wenye sauti wakatawala, na mambo ya kitaalamu hayapigiwi kura na umati. Nakubali sehemu ya kwanza. Ni kasoro ya kurekebishwa kwa tangazo la mapema, saa inayowafaa wanawake na akidi inayoheshimiwa. Haigeuzi idhini kuwa maoni. Kuhusu utaalamu, mkazi naye huona hatari: jengo la ghorofa la Grenfell jijini London liliwaka Juni 14, 2017 na kuua watu 72. Taasisi iliyolisimamia ilikuwa na wapangaji kwenye bodi yake, na baadhi ya wakazi walikuwa wameonya hadharani kuhusu hatari ya moto. Viti vilikuwapo, sauti zilikuwapo, ila onyo halikuwa na nguvu ya kumlazimisha yeyote kulijibu.

Kwa hiyo ningeliacha neno ushirikishwaji pale uamuzi unapobaki kwa aliyeitisha kikao, na hata hapo ningetaka muhtasari useme ni taarifa iliyotolewa au ni maoni yaliyokusanywa. Pale sheria inapompa mkazi uwezo wa kuzuia, kama ilivyo kwa ardhi ya Mamba, iandikwe idhini ya wakazi, pamoja na idadi ya waliokubali na waliokataa.