Chumvi Inayoamuliwa Korogwe

Mto ambao ramani zinauita Pangani, wenyeji wa Korogwe wanauita Ruvu. Ramani zimeupa jina la mji ulio mlangoni mwake, mahali unapoingia Bahari ya Hindi. Huku bara una jina lake, na watu wamezoea kuuhesabu kwa mambo ya bara: umeme, mkonge, ng'ombe, bustani, maji ya bomba. Chumvi haimo katika hesabu hiyo. Lakini kiasi cha chumvi anachokutana nacho mtoto wa chaza au wa kaa kule pwani huamuliwa kwa sehemu kubwa na yanayofanyika huku juu, na uamuzi huo una historia ya miaka mingi.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Maji ya mto karibu hayana kitu. Mlangoni yanachanganyika, na mchanganyiko huo haukai: maji yakijaa, chumvi inapanda mtoni, yakipwa, inarudi. Chaza hana njia ya kujitengenezea kiwango chake mwenyewe. Chumvi iliyo nje ndiyo itakayokuwa ndani ya mwili wake. Chaza mkubwa akikutwa na maji matamu kupita kiasi hufunga magamba yake, akaacha kula, akasubiri. Anaweza kusubiri hivyo siku kadhaa.

Mtoto wake hawezi. Wiki mbili au tatu za mwanzo huelea baharini, mdogo kama chembe ya vumbi, na maji yakibadilika ghafla mwili wake hauna pa kujificha. Hata akishajishika kwenye mzizi wa mkoko au kwenye kamba iliyotegwa na mfugaji, gamba lake bado ni jembamba na akiba yake ya chakula ni ndogo. Anayepona hudumaa, kwa sababu nguvu ambazo angezitumia kukua amezitumia kuvumilia.

Wengine wana desturi tofauti. Kaa koko jike hutoka mikokoni kwenda kutagia baharini, maana vifaranga vyake hufa kwenye maji yenye chumvi kidogo. Baadaye watoto hurudi mikokoni. Kambamiti nao huzaliwa baharini, lakini wakiwa wadogo hukimbilia milango ya mito kutafuta maji yaliyochanganyika, chakula na maficho. Kwa hiyo swali si kama chumvi ni nyingi au kidogo. Swali ni chumvi kiasi gani, kwa nani, na katika wiki ipi ya maisha yake.

Zamani jibu lilitolewa na mvua. Masika ilisukuma maji matamu hadi baharini, kiangazi kikairudisha chumvi ndani, na viumbe wakapanga uzazi wao kwa mwendo huo. Kisha wakaja wapangaji wengine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini. Iliyopona ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na mlango wa Pangani. Kutoka hapo mkonge ulipanda hadi Korogwe, na mitambo ya kusindika nyuzi ikawa inahitaji maji mengi ya kuoshea. Mwaka 1934 maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme. Mwaka 1964 ukaja mtambo wa Hale, wilayani Korogwe, wa megawati 21. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye uwezo wa kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 1. Mwaka 1995 ukafuata mtambo mpya wa Pangani, wa megawati 68.

Kazi ya bwawa ni kuusawazisha mto: kushika maji ya masika na kuyaachia polepole. Kwa mwenye mtambo hiyo ni neema. Kwa mlango wa mto maana yake ni kwamba ule msukumo mkubwa wa mwaka umepungua, na wakati huohuo mashamba ya umwagiliaji ya Kilimanjaro na Arusha yamekuwa yakivuta maji yao kabla hayajafika Korogwe. Mto ukilegea, bahari inaingia. Wakulima wa kingo za chini za Pangani wameyaona maji ya chumvi yakipanda hadi mashambani mwao.

Msumbiji wana kisa kinachofanana. Bwawa la Cahora Bassa lilianza kujazwa Desemba 1974. Mwaka 1992 mtafiti Tor Gammelsrød alionyesha kwamba wingi wa kambamiti katika pwani ya Sofala hufuata wingi wa maji yanayoletwa na mto Zambezi. Maji yaliyozuiwa bara yalikuwa pia mavuno ya baharini.

Upande wa pili wa hatari ni mafuriko. Oktoba 2019 mvua kubwa zilikata barabara kati ya Handeni na Korogwe na kuua watu. Maji ya namna hiyo hayaishii darajani. Huteremka na tope lake hadi mikokoni. Mwaka huohuo, kule Marekani, mlango wa kupunguzia maji ya mto Mississippi uitwao Bonnet Carré ulifunguliwa mara mbili, jumla ya siku 123, ili kuuokoa mji wa New Orleans. Maji matamu yalikaa muda mrefu kuliko chaza wanavyoweza kufunga magamba, na chaza wa jimbo la Mississippi wakafa kwa wingi.

Leo kwenye pwani ya Tanga watu hunenepesha kaa koko vizimbani, wakianza na kaa wadogo waliookotwa mikokoni. Unguja, upande wa Fumba, wanavijiji wamelea chaza kwa ajili ya lulu. Mfugaji wa aina hii hanunui mbegu dukani. Mbegu yake inaletwa na maji.

Handeni nayo ina kiu ya kweli. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992, alifuatilia jinsi ukoloni ulivyochangia njaa za Uzigua, kwa hiyo shida ya wilaya hii haikuletwa na mawingu peke yake. Tangu miaka ya 1970 imetegemea bomba refu linalovuta maji kutoka Ruvu huko Korogwe, na mradi wa maji wa miji 28 umekusudia kuongeza maji kwa Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani kutoka mto huohuo. Mama wa Handeni aliyebeba ndoo kwa miaka thelathini hawezi kuambiwa asubiri kwa ajili ya chaza.

Wala si lazima aambiwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imempa mtu wa nyumbani nafasi ya kwanza, na mazingira ya mto nafasi ya pili. Umeme na mashamba makubwa vinafuata baada ya hapo, na ndivyo vinavyotumia maji mengi kuliko ndoo zote za Handeni. Korogwe maji hupimwa kwa lita zinazoingia bombani. Kilichobaki ni kupima pia, kule mlangoni, gramu za chumvi katika kila lita, na kulisoma jibu kabla bwawa halijafungwa au kufunguliwa.