Kolwezi: namna watu walitenganishwa bila ukuta, kisha ukuta ukafika Kasulo

Ndugu wa Kisenge akifika Kolwezi na kutembelea jamaa ku Kasulo, atakuta ukuta katikati ya kartie ya watu. Ukuta ule haukujengwa kati ya kabila na kabila. Ulijengwa mwaka 2017 kuzunguka sehemu ambako nyumba zilikuwa zimesimama, juu chini yake kuna kobalti.

Lakini Kolwezi ni pia mji ambamo majirani walifukuzwa na majirani wenzao, mwaka 1993. Miji mingine iliyopita katika mambo kama hayo ilijenga kuta kati ya mitaa. Kolwezi haikujenga hata moja. Kilichofanya kazi ya ukuta hapa kilikuwa kitu kingine, na wengi waliozaliwa nyuma ya miaka ile hawajaelezwa.

Mfano wa Belfast

Mji unaotajwa sana kwa kuta za namna hii ni Belfast, katika Irlandi ya Kaskazini. Mwezi wa 8 mwaka 1969 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana, nyumba zikachomwa, na askari wa Uingereza wakaweka uzio kati ya mtaa wa Falls wa Wakatoliki na mtaa wa Shankill wa Waprotestanti. Walisema ni kwa muda mfupi. Uzio ukageuka kuwa ukuta wa matofali na chuma, na kuta zingine zikaongezwa hata nyuma ya mapatano ya amani ya 1998. Mwaka 2013 wakubwa wa serikali ya kule waliahidi kwamba zote zitatolewa mbele ya 2023. Mwaka huo ulifika, nyingi zikiwa bado zimesimama, na milango yake ingali inafungwa usiku.

Jambo moja la kushika: ukuta wa Belfast uliwezekana kwa sababu kila upande ulikuwa na mitaa yake. Kulikuwa na mstari wa kufuata.

Nafasi tupu ya mkoloni

Katanga ilijua kutenganisha watu tangu zamani. Katika Élisabethville, leo Lubumbashi, utawala wa Wabelgiji uliacha uwanja mtupu wa mita 500 hivi kati ya mji wa wazungu na cité ya weusi, ile inayoitwa leo Kamalondo. Waliuita eneo la katikati, na sababu iliyotolewa ilikuwa malaria: ati mbu hawezi kuruka mbali namna ile. Mbu walikuwa kisingizio kwa sehemu kubwa, kwa sababu maboyi na wapishi walivuka uwanja ule kila siku asubuhi. Walichokatazwa ni kulala ng'ambo.

Kolwezi ilipoanza kujengwa mwaka 1937 na Union Minière, ilipangwa kwa fikra ileile: mji wa wazungu upande mmoja, cité ya Manika upande mwingine, na kambi za wafanyakazi pembeni. Lakini ndani ya kambi mambo yalikuwa tofauti. Kampuni iligawa nyumba kufuatana na kazi na daraja la mtu, si kufuatana na kabila. Mluba wa Kasai alipakana na Mlunda, Mlunda na Mbemba, Msanga na Mchokwe. Watoto walikunywa maji ya robine moja na kusema Kiswahili kimoja. Ni kwa hiyo baadaye hakuna mtu angeweza kupiga mstari na kusema: hawa huku, wale kule.

Mwaka 1993

Watu wa Kasai hawakuja Katanga kwa bahati. Union Minière ilikuwa ikiwatafuta kwa kazi, na reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, safari ikawa rahisi zaidi. Wengi walisoma mapema, wakawa makarani, walimu, watu wa reli, na mwishoni wakubwa katika Gécamines. Wivu ulikuwako tangu mbele ya uhuru. Mwaka 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi karibu na askari wa ONU katika Élisabethville, na mwaka uliofuata wakarudishwa kwao.

Moto ukawaka tena mwezi wa 8 mwaka 1992. Konferensi ya taifa katika Kinshasa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa wakati ule, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, pamoja na chama cha UFERI, walikuwa wakihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Vijana wa chama, JUFERI, walishika njia. Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akisha kuitwa mdudu, kumtoa katika nyumba yake hakuonekani tena kuwa kosa.

Likasi ilianza. Kolwezi ilifuata mwezi wa 3 mwaka 1993. Familia zilitolewa katika nyumba, zikakimbilia ku gare na katika majengo ya masomo, zikingoja gari ya moshi ya kwenda Kasai. Wengine walingoja majuma, wengine miezi. Walilala chini, mvua ikiwanyeshea, magonjwa yakaingia, na wengi walikufa, zaidi watoto wadogo. Waliopata nafasi walisafiri katika mabehewa ya mizigo hadi Mwene-Ditu na mbele yake. Kwa jumla ni mamia ya maelfu waliotoka Katanga miaka ile, na wengi kati yao walizaliwa hapa, hawakuwa na kijiji wanachokijua kule walikopelekwa.

Belfast, pamoja na ubaya wake wote, ukuta uliacha pande mbili ndani ya mji. Kolwezi, gari ya moshi ilichukua upande mmoja.

Kulikuwa na majirani waliowaficha wenzao. Kulikuwa pia na nyumba ambamo baba alikuwa wa Kasai na mama wa hapa, na mstari ukapita ku kitanda cha wazazi. Nyumba za kampuni zilipewa wengine. Parsele za cité ziliuzwa kwa bei ya hasara, ao zilichukuliwa bure, na nyingi zilipita mikono miwili mitatu mbele ya mwenyewe kurudi. Gécamines yenyewe ilipoteza wafanyakazi waliojua kazi, wakati ilikuwa imekwisha kuumizwa na kubomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na uporaji wa 1991. Kampuni iliyotoa tani 470,000 hivi za shaba katikati ya miaka ya 1980 ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1993.

Watu wa Kisenge wana kumbukumbu yao ya kutawanywa. Mwezi wa 3 mwaka 1977 wapiganaji wa FNLC walitoka Angola na kushika Dilolo, Kisenge na Kapanga. Askari wa Mobutu waliporudi, Mlunda alitazamwa kama adui, na wengi walikimbilia Angola. Manganezi ya Kisenge ilikuwa tayari imekosa njia tangu 1975, reli ya Benguela ilipofungwa na vita. Hapo pia, hakuna ukuta uliojengwa.

Ukuta wa Kasulo

Nyuma ya sheria ya migodi ya 2002, kazi ilirudi na watu wakarudi, Wakasai pia, safari hii wengi wakiwa wachimbaji na wachuuzi. Mwaka 2014 kobalti ikapatikana ndani ya parsele ku Kasulo. Watu wakachimba uwani, kisha ndani ya vyumba. Ugomvi ukahama: ukawa juu ya nani amepita chini ya nyumba ya nani.

Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilihamisha mamia ya familia kutoka sehemu moja ya kartie. Kampuni CDM, tawi la Huayou Cobalt ya China, ikapewa haki ya kununua madini ya pale. Ukuta ukazunguka. Mchimbaji aliingia kwa kadi, watoto na wanawake wenye mimba hawakuruhusiwa. Kuhusu usalama, hilo lilikuwa bora kuliko lililokuwa mbele, na ni vizuri kulisema. Lakini ndani kulikuwa na mnunuzi mmoja, na wachimbaji walilalamika juu ya bei na juu ya mizani.

Nje ya ukuta uchimbaji haukuisha. Shimo linafunguliwa chini ya hema la plastiki, nyuma ya jiko ao kando ya choo, na mtaro unafuata mshipa wa madini hadi chini ya parsele ya jirani, ambaye mara nyingine anajua tu siku sakafu yake inapopasuka.