NANI ANAONA KARATA ZAKO? (Historia ya michezo ya kwenye simu, sehemu ya 5)



Baada ya sehemu ya 4 dada mmoja alinifuata inboksi. Kijana wake wa miaka 16 anacheza poka kwenye simu, na anamwambia mama ni mashindano ya haki kabisa kwa sababu "kompyuta haipendelei mtu". Kwanza, kwetu Tanzania kucheza kwa pesa chini ya miaka 18 ni marufuku, hilo halina mjadala. Ila hilo neno la kijana lina historia ndefu, kaa vizuri nikusimulie.

Ukicheza karata barazani, adabu inalindwa na macho. Mmoja anachanga, mwingine anakata. Huchungulii za mwenzio, na aliyesimama nyuma yako hafungui mdomo. Poka ni hivyo hivyo: una karata zako mbili za siri, unaweka dau, na hakuna anayeruhusiwa kukusaidia.

Mwaka 1998 kampuni ya Planet Poker ikaanza kuchezesha poka ya pesa kwenye intaneti. Macho yakaondoka mezani. Ili watu waamini, kampuni ikaweka hadharani jinsi programu yake inavyochanga karata. Mwaka 1999 wataalamu wa programu Marekani wakaisoma, wakashtuka. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi mno, hesabu yake ina tarakimu 68. Lakini programu ile ilichanga kwa kufuata saa ya kompyuta, kwa hiyo mipangilio haikuzidi 86,400,000. Wakilinganisha saa yao na ya kompyuta ile, ilibaki kama laki mbili tu. Wakiona karata tano, wanajua za kila mtu. Bahati nzuri walikuwa waungwana: walitangaza kosa badala ya kulitumia.

Mwaka 2003 Mmarekani mmoja mhasibu, Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake kweli), alipata nafasi kupitia mashindano ya bei chee ya mtandaoni, akaenda Las Vegas akashinda dola milioni 2.5. Hapo dunia nzima ikakimbilia kwenye skrini.

Sasa njoo Septemba 2007, tovuti ya Absolute Poker, mashindano ya kiingilio cha dola 1,000. Mshindi anaitwa Potripper. Mkono wa mwisho anakubali dau kubwa huku karata yake ya juu ni kumi tu, hana hata jozi. Mtu mwenye akili timamu angetupa. Yeye akakubali, na mwenzake alikuwa na karata mbovu zaidi! Aliyeshika nafasi ya pili hakugombana na mtu. Aliomba tu kumbukumbu za mikono yake, kitu ambacho ni haki ya mchezaji.

Sisi manesi tunafundishwa kuwa kisichoandikwa hakijafanyika. Kila dawa, kila saa, kwenye faili. Ndiyo maana sehemu hii naipenda.

Walimtumia faili kubwa kuliko aliyoomba. Ndani yake kulikuwa na karata za siri za wachezaji wote, na hata akaunti zilizokuwa zinatazama meza tu. Alikaa nalo wiki kadhaa. Wachezaji wenzake walipolichambua waliona hivi: mikono miwili ya kwanza Potripper alitupa karata. Kisha akaunti namba 363 ikaingia kutazama. Kuanzia hapo, kwa karibu dakika ishirini, Potripper hakutupa mkono hata mmoja mwanzoni, mpaka pale mpinzani alipokuwa na kingi mbili. Hapo akatupa! Namba 363 ilikuwa ya ndani ya kampuni. Ilikuwa inaona karata za kila mtu.

Mtoto alikuwa kweli: kompyuta haikumpendelea mtu. Aliyepewa ufunguo wake ndiye alipendelea.

Tume ya michezo ya Kahnawake, eneo la Wamohawk karibu na Montreal, ndiyo iliyotoa leseni. Iliitoza Absolute Poker faini ya dola 500,000. Mwaka uliofuata tovuti dada, UltimateBet, ikakutwa na ugonjwa ule ule, tena wa muda mrefu zaidi, kuanzia 2004 mpaka Januari 2008. Faini dola milioni 1.5. Tume ikasema mhusika mkuu ni Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka mwaka 1994. Bingwa, jamani. Mtu aliyekaa meza za macho maisha yake yote.

Baadhi ya walioibiwa walirudishiwa. Lakini Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti hizo kwa makosa mengine, ya kibenki na kamari, na wachezaji wa Marekani wenye salio ndani walisubiri mpaka 2017 kuanza kulipwa.

Dada wa inboksi, kijana akirudi shule muulize mchezo wake unampa kumbukumbu za mikono, na nani mwingine anaweza kuziona. Ukipata jibu niandikie kwenye komenti. Sehemu ya 6 ni Jumapili nikitoka zamu ya usiku, nikiamka.