"Difu" na "Mafuta ya Gia": Historia ya Msamiati wa Gari Katika Bukoba na Muleba

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili katika karne ya 20, yale yanayohusu gari yana historia ya pekee, kwa kuwa yalienea miongoni mwa madereva, utingo na mafundi kabla wanaistilahi hawajayashughulikia. Makala haya yanakusudia kueleza asili ya machache kati ya hayo, hususan yanayotumika wakati wa kubadilisha oili ya difu, na kuonyesha hasara inayoweza kumpata mwenye gari endapo mfasiri hatakuwa mwangalifu. Mifano yetu inahusu Bukoba na Muleba, mkoani Kagera.

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, chini ya Emin Pasha. Utawala wao mjini humo ulikoma mwaka 1916, na katika Kiswahili kwa jumla wakaacha maneno kama "shule" na "hela". Magari yalienea zaidi wakati wa Waingereza. Ndiyo maana tunasema "gia", "breki", "klachi", "spana" na "dereva". Hata hivyo, si yote yaliyotoka huko. "Usukani" lilikuwa neno la wanamaji, nalo "parafujo" ni la Kireno. Yote mawili yalikuwapo kabla ya gari, yakapewa kazi mpya. Baada ya Land Rover kuanza kuuzwa mwaka 1948, msamiati huu ulifuata gari hilo hadi vijijini.

Difu ni mtambo wa gia ulio katikati ya ekseli. Gari likipinda kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Difu huyawezesha kuzunguka kwa kasi zinazotofautiana. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alipewa hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1827. Neno lenyewe ni la Kiingereza lililofupishwa na kuongezewa irabu mwishoni. Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili cha pwani tayari kilikuwa na "difu" nyingine, yaani nyuzinyuzi zinazozunguka makuti machanga ya mnazi. Katika nchi ya migomba na kahawa, maana hizo mbili hazielekei kugongana.

Mazingira ya Kagera yamelipa neno hili uzito. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Gari lililokwenda mwendo mrefu huwa na difu yenye joto. Likiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili au kipumulio. Oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi ikafanana na maziwa, na nguvu yake ya kulinda meno ya gia hupungua. Wakati wa vita vya 1978 na 1979, daraja la Kyaka lilipovunjwa na magari mengi ya kiraia yakachukuliwa kusaidia usafirishaji, madereva kutoka mikoa mbalimbali walikutana katika mkoa huu, ambao hadi mwaka 1979 uliitwa Ziwa Magharibi. Lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Gari husimamishwa mahali tambarare, oili ikiwa na vuguvugu ili itiririke vizuri. Kizibo cha kujazia hufunguliwa kwanza, kabla ya kile cha kumwagia. Kwa maana kizibo cha juu kikikataa kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari halitaweza kuondoka. Oili ya zamani huchunguzwa kama ina maji au vipande vya chuma. Kisha kizibo cha chini hufungwa, na oili mpya hutiwa hadi ifike ukingoni mwa tundu la kujazia. Katika Land Rover nyingi za zamani, kila difu ilihitaji takriban lita 1.7.

Hapa ndipo penye hatari ya lugha. Mwongozo ukisema tu "badilisha mafuta ya gia", fundi afanye nini? "Mafuta" yaweza kuwa petroli, dizeli, oili au hata grisi. "Gia" nazo zimo katika giaboksi, katika kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma, na katika difu mbili: vyombo 4 katika gari moja. Isitoshe, baadhi ya oili za difu zina kemikali zinazoweza kudhuru sehemu za jamii ya shaba zilizomo katika giaboksi kadhaa. Tafsiri hiyo yaweza kuharibu gari la zahanati ambalo wagonjwa wa Muleba wanalitegemea.

Kwa hiyo tunapendekeza "oili ya difu" na "oili ya giaboksi" zitenganishwe katika miongozo na nyaraka zote za serikali, na aina ya oili itajwe. Huenda wengine wakapenda "gia tofautishi" kwa kuwa inaeleza kazi ya mtambo. Yafaa itumike kufafanulia wanafunzi darasani. Lakini "difu" ni fupi, inatamkika kwa urahisi, na mwenye kushika spana anaielewa. Istilahi isiyoeleweka na mtendaji haijatimiza wajibu wake, hata ikiwa imeundwa kwa ustadi namna gani.