Jina la Mungu katika Tafsiri za Kiswahili

Swali la kama Waislamu na Wakristo humwabudu Mungu mmoja huachiwa wanatheolojia. Lakini historia ya tafsiri nayo ina ushahidi wake. Jina Mungu (Mngu kwa Kiamu) ni ndugu wa Mulungu wa Wagiriama na Wachewa. Si la Kiarabu, wala halikuletwa na wamishenari: J. L. Krapf, alipoanza kufasiri Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844, alilikuta vinywani mwa Waislamu.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Godfrey Dale, kasisi wa UMCA, aliyetoa tafsiri ya Kurani mwaka 1923. Maelezo yake yaliubishia Uislamu waziwazi; hata hivyo Allah alimwita Mungu. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, alimkosoa Dale, naye pia akaandika Mwenyezi Mungu.

Jina moja, bila shaka, halithibitishi imani moja. Hata masanamu huitwa miungu. Ila wanazuoni hawa hawakubishana juu ya nani anayetajwa. Walibishana juu ya Mwana na Utatu, yaani juu ya yale yasemwayo kumhusu.