Habari za Mkono Uliochoka

Katika viungo vyote vya mwili, ni vichache vinavyotumwa mara nyingi kama mkono. Hulima, hushona, hufua, hupika na huandika. Na kwa kuwa hutii upesi, mwenyewe husahau kwamba mtumishi naye huchoka. Mwanafunzi aliyekaa katika chumba cha mtihani saa mbili au tatu, kalamu ikiwa imebanwa vidoleni, ameonja uchovu huo. Uchovu wa siku moja huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Lakini yako maumivu yasiyokubali kuondoka: huanza vidoleni, hupita katika kifundo cha mkono, hupanda hata karibu na kiwiko, yakamwandama mtu miezi na miaka. Maumivu haya yana historia yake, na historia hiyo ina jambo la kusikitisha: mara nyingi aliyeumwa alilaumiwa kabla ya kusaidiwa.

Miongoni mwa matabibu wa kwanza walioyaeleza vizuri alikuwa Bernardino Ramazzini, aliyezaliwa Carpi, Italia, mwaka 1633. Siku moja, katika mji wa Modena, alimwona mtu akizoa uchafu wa shimo la choo nyumbani mwake kwa haraka kubwa. Alipomwuliza sababu ya haraka ile, alijibiwa kwamba wanaokawia katika kazi hiyo huharibika macho. Tangu hapo Ramazzini aliingia katika karakana na viwanda vya mafundi, akatazama na kusikiliza. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi, akawashauri matabibu wamwulize kila mgonjwa swali ambalo wengi hawakulijali: Kazi yako ni nini?

Katika toleo la mwaka 1713 aliongeza habari za makarani na waandishi. Alisema taabu yao ina sababu tatu: kukaa kitako daima, kuendesha mkono kwa mwendo ule ule bila kukoma, na kukaza akili wakichelea makosa. Alisimulia habari za mwandishi mmoja wa hati za sheria, ambaye mkono wake wa kuume ulianza kwa uchovu ukaishia kwa kupooza. Mtu yule, kwa kuwa kalamu ndiyo iliyokuwa riziki yake, alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu, nao ukashikwa na ugonjwa ule ule. Hapa pana fundisho kubwa. Kuhamisha mzigo kutoka bega moja hata jingine si kuutua. Kosa halikuwa la mkono. Lilikuwa la kazi isiyo na mapumziko.

Karne ya 19 ilizidisha maandishi. Kalamu za unyoya ziliachia nafasi nibu za chuma zilizotengenezwa kwa mashine, na afisi zikajaa makarani walioandika kutwa. Mwaka 1864 daktari mpasuaji Samuel Solly wa London alitoa mihadhara juu ya ugonjwa wa waandishi, ambao vidole vyao vilikataa kuongoza kalamu. Kisha ikaja telegrafu. Mpigaji wake alibonyeza kitufe kimoja juu na chini, nukta na vistari, maelfu ya mara kwa siku. Mwaka 1875 tabibu Onimus wa Ufaransa aliandika kwamba hawa nao walikuwa na ugonjwa wao.

Huko Uingereza, mwaka 1908, ugonjwa wa wapiga telegrafu uliingizwa katika orodha ya magonjwa ambayo mfanya kazi aliweza kuyadai fidia. Hiyo ilikuwa haki. Lakini kamati iliyochunguza habari hiyo mwaka 1911 ilisema kwamba sehemu ya sababu ilikuwa udhaifu wa neva za mtu mwenyewe. Hivyo mgonjwa alipewa haki kwa mkono mmoja, akatiliwa shaka kwa mkono wa pili.

Marekani, ambako maumivu hayo yaliitwa mkono wa kioo, fundi Horace Martin alichukua njia nyingine. Mwaka 1904 alipata hataza ya chombo kilichosukumwa pembeni kwa kidole na gumba, si juu na chini. Upande mmoja, chuma chenye springi kilitetemeka na kupiga nukta zenyewe. Upande wa pili, mtu alipiga vistari. Martin hakumlaumu mpigaji, alikirekebisha chombo.

Shauri hilo halikusikiwa kila mahali. Katika miaka ya 1980 wafanya kazi wengi wa Australia waliopiga chapa kwa kompyuta walilalamika maumivu ya mikono, na baadhi ya madaktari wakasema ugonjwa uko katika fikira tu. Swali la mwaka 1911 lilirudi likiwa limevaa nguo mpya.

Ndani ya mkono mna kano, mfano wa kamba, zinazovuta vidole. Na nyingine hupita ndani ya ala kama upanga. Mwaka 1895 Fritz de Quervain wa Uswisi alieleza jinsi ala ya kano za gumba inavyonenepa na kubana. Upanga ukichomolewa na kurudishwa bila kikomo, ala huumia. Kwa sababu hiyo dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo unaouma, na kupumzika kidogo kidogo mara nyingi, kabla maumivu hayajakomaa. Kalamu ishikwe bila kubanwa, kifundo kinyooke, kazi ibadilishwe. Na mkono uliopona urudishwe kazini polepole, maana kuufungia kabisa siku nyingi nako huudhoofisha. Ukifa ganzi au ukiishiwa nguvu, aendewe daktari.

Kijana msomaji, leo gumba lako hufanya juu ya simu kazi ambayo babu zako hawakuijua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ikiwa kesho utakuwa msimamizi wa wengine, mchuma chai au mpiga chapa akikuambia mkono wamwuma, usianze kwa kumwita mvivu. Anza kwa swali la Ramazzini.