Kutega, Kufyatuka na Kufungia: Historia ya Breki ya Kamani na Istilahi Zake

Jina la "breki za upepo" limekwisha kukubalika katika karakana zetu, wala makala hii haikusudii kulibadili. Hata hivyo, jina hilo laficha jambo moja ambalo mtunga istilahi hana budi kulifahamu. Katika lori zito la leo upepo hufanya kazi mbili zilizo kinyume. Dereva akanyagapo pedali, upepo ndio unaoifunga breki. Lakini gari likiegeshwa na upepo ukaondolewa, breki hufungwa na kamani nene ya chuma, na upepo ukirudi huwa kazi yake ni kuizuia kamani hiyo. Kwa hiyo mtu akiambiwa "fungua breki" yafaa aulize: afungue nini? Kutolijibu swali hilo sawasawa kumewaponza mafundi, na sehemu ya lawama ni ya lugha.

Yatupasa kuanza mbali kidogo, kwenye reli. Huko Marekani, kabla ya mwaka 1869, gari moshi lilisimamishwa kwa mikono. Watu walitembea juu ya mapaa ya mabehewa, wakizungusha magurudumu ya breki moja baada ya jingine, na wengi walianguka. Mwaka huo George Westinghouse alipata hataza ya breki yake ya kwanza ya upepo. Pampu iliwekwa kwenye injini, upepo ukahifadhiwa ndani ya tangi, na bomba moja likapita chini ya mabehewa yote. Dereva alipofungua vali, upepo ulikwenda kubana magurudumu. Kasoro yake ilikuwa dhahiri: mpira mmoja ukipasuka, upepo wote hutoka, na hakuna breki tena. Mnamo miaka ya 1872 na 1873 Westinghouse mwenyewe aliigeuza kanuni hiyo. Kila behewa lilipewa tangi lake, na breki ikafanya kazi pale upepo wa bomba kuu unapopungua. Tangu hapo mpira uliopasuka ukawa ndio unaolisimamisha gari moshi.

Si wote waliokubali mapema. Tarehe 12 Juni, 1889, karibu na mji wa Armagh huko Ireland, gari moshi lililojaa watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao lilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi waliamua kulikata vipande viwili, injini ipande na mabehewa machache kwanza. Breki zake zilikuwa za ombwe, za aina isiyojifunga yenyewe. Mabehewa ya nyuma yalipotenganishwa na injini yalibaki na breki ya mkono ya behewa la mwisho tu, pamoja na mawe yaliyotiwa chini ya magurudumu. Injini ilirudi nyuma kidogo, ikayasukuma mabehewa, mawe yakasagika. Mabehewa yaliteremka mlima kwa kasi hadi yakagongana na gari moshi lililokuwa likifuata. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha breki zinazojifunga zenyewe katika magari moshi ya abiria. Msomaji ayakumbuke mawe yale, kwani tutayarudia.

Malori yalichelewa kuufuata mkondo huo. Kwa miaka mingi lori la breki za upepo lilikuwa na pedali inayotumia upepo, na breki ya mkono ya fimbo na nyaya. Suluhisho lililoenea baadaye lilikuwa la kuweka kamani nyuma ya chemba ya breki. Upepo ukiwemo, kamani husongwa na kutulia. Upepo ukitoka, kamani hufunguka na kuusukuma mtaimbo wa breki. Mwaka 1971 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa mwongozo wa breki za magari uliogusa breki za namna hii. Nchini Marekani kanuni namba 121 ya usalama wa magari, iliyoanza kutumika mwaka 1975, ilitaka breki ya kuegeshea ishikwe na chuma, si na upepo. Upepo uliofungiwa huvuja usiku kucha, chuma hakivuji.

Kwa kawaida matangi ya lori hushika upepo wa ratili 100 hadi 125 kwa kila inchi ya mraba. Ukipungua hadi kati ya ratili 45 na 20, kamani hujifunga zenyewe. Hapo ndipo taabu ianziapo: kompresa ikifa, au mpira ukikatika katikati ya mteremko wa Kitonga, lori halivutiki. Waliotunga kanuni za Ulaya walilitazamia jambo hilo, wakataka pawepo njia nyingine ya kuilegeza breki, na kama njia hiyo yahitaji kifaa, kifaa hicho kikae ndani ya gari. Ndiyo asili ya bolti ndefu ambayo mafundi huiona imehifadhiwa ubavuni mwa chemba, au imejengwa ndani yake.

Sasa tuje kwenye lugha. Dereva wetu husema breki "imefunga" pale kamani ilipo huru, na husema "imefunguka" pale kamani ilipo kifungoni. Maneno haya ni sahihi kwa upande wa gurudumu, na ni kinyume kabisa kwa upande wa kamani. Niliwahi kusoma tafsiri ya kitabu cha matengenezo ambamo mfasiri aliandika tu, "Fungua chemba ya breki kwa mkono." Mwanafunzi aliyeichukua sentensi hiyo kama ilivyo angetafuta cha kufungua, na kitu cha kwanza ambacho angekiona ni pete ya chuma inayoziunganisha nusu mbili za chemba, yenye bolti zake mbili zinazomtazama. Ndani ya pete hiyo mna kamani yenye nguvu inayozidi uzito wa tani moja. Wapo waliouawa na kifuniko kilichoruka. Watengenezaji wengi siku hizi huikunja pete hiyo isifunguke kwa spana, lakini chemba za zamani zingali barabarani.

Ninapendelea "kamani" kuliko "springi", ingawa springi yaeleweka kote. Kamani imo katika Kiswahili tangu siku za saa za kutia ufunguo, na msemaji anajua kwamba ni kitu kinachohifadhi nguvu. Kwa hali zake tatu hatuna haja ya kukopa. Wategaji wa ndege wamekwisha kutupa vitenzi. Kamani inayosongwa na upepo *imetegwa*: yangoja. Upepo ukitoka *hufyatuka*, na breki hufunga. Ikishikwa na bolti *imefungiwa*, haitegemei upepo tena. Aliyependekeza niseme "imetegwa" kwa hali hii ya tatu pia hakunishawishi, maana mtego uliotegwa wakusudiwa kufyatuka. Neno "kufungua" na libaki kwa kuvunja chemba, na liandikwe daima pamoja na katazo.

Tuyajaribu maneno hayo katika maelezo. Gari liwe mahali tambarare, na magurudumu yatiwe kabari za mbao mbele na nyuma, kwani kamani ikifungiwa gari halina breki ya kuegeshea. Jiwe la kando ya njia si kabari. Armagh yatosha kuwa ushahidi. Chemba iliyopasuka au kuliwa na kutu isiguswe. Ikiwezekana upepo uletwe kutoka gari jingine ili kamani itegwe kwanza, maana hapo bolti haibebi mzigo mkubwa. Fundi asikae nyuma ya chemba, bali ubavuni. Bolti huingizwa tunduni, huzungushwa robo mzunguko ishike, kisha nati hukazwa kwa spana ya mkono, kamwe si kwa mashine ya upepo, hadi kamani ifungiwe. Chemba nyingi za Ulaya zenye bolti ya ndani hufanya kinyume: bolti *hulegezwa* kuelekea nje. Mfasiri asiandike "kaza" wala "legeza" kabla ya kujua ni chemba ipi.

Gari lililofungiwa kamani huvutwa kwa chuma kigumu, si kwa kamba, na haliendeshwi. Mara litengenezwapo, upepo hujazwa na kamani huachiliwa siku ile ile. Kibao kitundikwe kwenye usukani, chenye maneno mawili tu: KAMANI IMEFUNGIWA. "Breki imefunguliwa" isiandikwe hapo, kwa kuwa dereva wa zamu ya pili ataisoma kama ruhusa ya kuondoka.